Naomba ushauri: akaunti ya bakapu inaleta onyo lilelile kila usiku

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia seva ya MySQL (programu ya hifadhidata) yenye data za wagonjwa wa zahanati. Tangu tuhame kutoka toleo 8.0.20 kwenda la juu zaidi, kila mysqldump (zana ya MySQL ya kunakili data) ikiendeshwa usiku kwa akaunti ya bakapu, logi inaandika “Access denied”, inadai ruhusa ya PROCESS, na mwishoni “when trying to dump tablespaces” (tablespaces ni faili ambamo MySQL huhifadhi majedwali). Nenosiri halina shida. Faili linatoka, na nikilifungua, mstari wa mwisho wa “-- Dump completed” upo.

Njia ninazoziona ni mbili: kuipa akaunti PROCESS, au kuongeza --no-tablespaces kwenye amri, yaani isinakili maelezo ya tablespaces. Ya kwanza inanitia hofu kweli. PROCESS ni ya seva nzima, na mwenye nayo anaona maswali (query) ambayo watumiaji wengine wanaiuliza hifadhidata wakati huo, yakiwemo yenye majina ya wagonjwa. Akaunti ya kunakili data tu haistahili kuona hayo.

Majedwali yetu yote ni InnoDB (injini ya kuhifadhi data ndani ya MySQL) ya kawaida, kila moja na faili lake. Aliyewahi kurejesha bakapu iliyochukuliwa kwa --no-tablespaces, je, kila kitu kilirudi? Na mnaijaribuje kabla ya kuiamini?