Kitongoji chetu na umeme wa maji: tuanze wenyewe au tusubiri nguzo?

Mkulima_Ludewa:
Habari za jioni wadau. Naombeni mawazo ya wenye uzoefu. Niko Ludewa, umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, umefika kijijini kwetu ila kitongoji chetu kiko ng'ambo ya bonde, nguzo ziliishia shuleni na kila tukiuliza tunaambiwa tusubiri awamu ijayo. Nyumba ziko kama 80 hivi. Tuna kijito kinachoshuka mlimani, wazee wanasema hakijawahi kukauka, vijana wamekuja na wazo tuchange tufunge tabaini yetu, mtambo wa umeme unaozungushwa na maji, iwe mali ya kitongoji kizima, siyo ya mwekezaji. Sasa kikao kimegawanyika. Wapo wanaosema tutachimba mtaro na kuvuta nyaya halafu Tanesco hao wanafika, watu wote wanakimbilia unit ya shilingi 100. Wengine wanasema mali ya wote haina mwenyewe, wanatolea mfano pampu ya maji ya kijiji imelala miaka kisa beringi tu. Mimi binafsi naona inawezekana lakini sijui pa kuanzia, hela, vibali au maji?

FundiMota_Njombe:
Mkuu anzeni na maji, hela baadaye. Na msipime sasa hivi mvua zikiwa zinanyesha, pimeni mwezi wa kumi kwenda wa kumi na moja kijito kikiwa kimechoka kabisa, hicho ndo kipimo chenu cha kweli. Kama ni kidogo zibeni kwa mawe na udongo, elekezeni maji yote kwenye kipande cha bomba, kingeni na pipa la lita 200 mhesabu sekunde mpaka lijae. Likijaa kwa sekunde 5 mna lita 40 kwa sekunde. Halafu pimeni mwinuko toka banio (pale mtakapoyakinga maji) litakapokaa mpaka chini tabaini itakapofungwa. Hesabu ya site ni lita kwa sekunde mara mita za mwinuko mara 5, jibu linakuja kwa wati, nguvu nyingine ya maji, kama nusu hivi, inapotelea kwenye bomba, tabaini na jenereta. Kwa hiyo lita 40 na mita 25 ni kilowati 5. Kwa taa, redio, simu na tv chache za nyumba 80 inatosha kabisa.

Pale watu wanapokwama ni kwenye mashine ya kusaga. Kila kitongoji kinaitaka, ila mota ya hp 20 ni kilowati 15 na wakati wa kuwaka inavuta mara 5 au zaidi ya hapo, ukiiwasha kwenye mradi wa kilowati 5 unazima kitongoji kizima. Dawa yake fungeni kinu kidogo kwenye shafti ya tabaini kwa mkanda, mchana tabaini inasaga, jioni mnahamisha mkanda kwenye jenereta. Misheni nyingi za nyanda za juu zilisaga kwa maji hivyo hivyo na unga ulitoka.

Sola_Tu:
Mnajisumbua bure wakuu. Kila nyumba inunue paneli yake na betri, hakuna vikao, hakuna mweka hazina wa kukimbia na hela. Sola imeshuka bei sana siku hizi.

FundiMota_Njombe:
Kwa taa ni kweli sibishi, na nyumba zilizo mbali na njia ya waya mziache na sola zao. Ila sola ya taa haisagi mahindi wala haichomelei geti. Na huku kwetu Juni na Julai ukungu unakaa siku nzima, betri zinaisha mapema.

MamaHesabu:
Mimi ni mhasibu wa saccos nawasikia mnaongelea tabaini tu, naomba niongee hela kaka yangu maana miradi hii mingi inafia hapo. Chukua hizo nyumba 80, nyumba yenye taa tatu, redio na kuchaji simu inakula unit 8 hivi kwa mwezi. Ukiuza kwa shilingi 100 kama Tanesco unakusanya 64,000 kwa mwezi, kitongoji kizima! Hiyo hata posho ya kijana anayelala kwenye mtambo haitoshi, bado grisi, bado mkanda, bado beringi hiyo hiyo iliyoua pampu yenu. Tanesco anaweza bei ile kwa sababu ana wateja mamilioni, viwanda na migodi vinambeba. Mwaka 2020 wizara ilipoagiza wenye gridi ndogo za binafsi nao washuke mpaka 100 wengi waliumia ndo kwa sababu hii.

Nyie ni wadogo, kaeni mkutano mpange bei yenu wenyewe, ila ulizeni kwanza EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati, kama lazima waiidhinishe. Mimi ningeweka ada ya mwezi, mfano 5,000 kwa nyumba, hapo mnapata 400,000, na linganisheni na mnachotumia sasa kwenye tochi, mafuta ya taa na kupeleka simu kuchajiwa center. Nusu ya hiyo hela iende akaunti ya matengenezo, saini tatu na mmoja wao awe mwanamke asiye kwenye kamati. Taarifa ibandikwe ukutani kila mwezi, aliyelipa na ambaye hajalipa, hata akiwa mwenyekiti wa kitongoji. Kwetu ulikuwepo mradi wa maji, mwenyekiti alikuwa halipi na watu wote wakajua halipi, haukuchukua muda hakuna tena aliyelipa.

Na kitu kingine, kilowati 5 zikizunguka usiku na mchana mwezi mzima ni unit 3,600, nyie mtatumia hizo 640. Zilizobaki zinapotea. Tafuteni kazi ya mchana kabla hamjanunua hata waya mmoja. Kinu, saluni, cherehani, kutotolea vifaranga, chochote.

Mwanalamu:
Hapo kwa kazi ya mchana Mama Hesabu amesema kweli tupu. Sisi huku Lamu, Kenya, tuliona kwa mji wa Mpeketoni. Mwaka 1994 wenyeji walianzisha mradi wao wa stima, ilikuwa jenereta ya dizeli sio maji, na stima yao ilikuwa ghali kushinda ya gridi. Lakini maseremala, mafundi wa kuchomelea na washona nguo walinunua kwa sababu fundi mwenye mashine anamaliza kwa siku moja kazi ya siku mbili tatu za mkono. Kilichowamaliza nguvu ni bei ya dizeli. Nyinyi maji mwapewa na Mungu, hamna lori la mafuta la kungojea.

Nyasa_Ujerumani:
Nawasalimu kutoka Freiburg. Jirani na hapa kuna mji mdogo unaitwa Schönau, baada ya ajali ya Chernobyl 1986 wakazi walichanga hela, wakapiga kura mara mbili mjini, na mwaka 1997 wakaununua mtandao wa umeme wa mji wao kutoka kwa kampuni. Leo ni ushirika. Kilichonigusa kwenye ushirika wa huku ni kwamba mwanachama ana kura moja, hata awe na hisa mia. Wekeni hilo kwenye katiba yenu mapema, kabla mwenye duka kubwa hajanunua hisa nyingi.

FundiMota_Njombe:
Turudi kwenye hofu ya Tanesco. Sheria ipo, gridi ikiwafikia mnaweza kuwauzia umeme wenu, au mkanunua kwao kwa jumla mkasambaza, au mkauza nyaya zenu kwa fidia. Ila yote hayo yanataka nguzo, waya na viungio vya kiwango chao. Ukivuta waya kwenye miti ya mikaratusi mibichi hakuna atakayekulipa. Na msisahau kibali cha kutumia maji cha bodi ya bonde, kwenu ni Bonde la Ziwa Nyasa, pamoja na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji kuhusu ardhi ya mtaro. Halafu nendeni Mawengi, ni Ludewa hapo hapo, mtambo wa kilowati 300 chini ya LUMAMA, jumuiya ya watumiaji wenyewe. Ongeeni na wanaoendesha mtambo, siyo viongozi tu.

Mkulima_Ludewa:
Asanteni sana wadau, hizi hesabu nazipeleka kikaoni Jumapili baada ya ibada. Mawengi tutatuma watu, kijana mmoja na mama mmoja. Swali la mwisho, kwa ada ya mwezi tutamzuiaje mtu asichomeke pasi au jiko la umeme?

FundiMota_Njombe:
Kila nyumba fungeni breka ndogo ya ampea 1 au chini ya hapo, nje juu kwenye nguzo, ndani ya kiboksi chenye kufuli. Akichomeka pasi inakata kwake tu, jirani haguswi. Funguo akae nazo mwendesha mtambo, na kila atakayekuja kuwashiwa aandikwe kwenye daftari.