Naomba ushauri: "kilema", "mzigo" au "kipunguzo"?
Wakuu, naomba msaada wa kutafsiri neno la Kiingereza "handicap". Katika hadithi fupi "Harrison Bergeron" ya Mmarekani Kurt Vonnegut (1961), mwaka ni 2081 na serikali inasawazisha watu kwa nguvu. Mwenye misuli hufungwa shingoni mfuko wa marisau, ratili 47 (kama kilo 21). Mwenye akili huvalishwa kiredio sikioni kinachopiga kelele kila sekunde 20 hivi. Mzuri wa sura, barakoa. Vifaa hivyo vyote vinaitwa "handicap", neno linalotumika pia kwenye mbio za farasi, ambako farasi hodari huongezewa uzito. "Kilema" linaharibu: msomaji ataona maradhi, si amri. "Mzigo" unafaa mfuko, lakini redio je? Naelekea "kipunguzo", na cheo cha msimamizi wa vifaa hivyo ("Handicapper General") kiwe "Mpunguzaji Mkuu". Linakaa, au linanuka kodi?