Wakulima wanataka sheria kali kwa mahindi ya nje: wana haki au wanajenga ukuta?

Mkulima wa Trans Nzoia
Wiki iliyopita tulimkalisha mbunge wetu chini, wakulima kama sitini, tukamwambia tunachotaka kiandikwe kwenye sheria. Kila shehena ya mahindi ipimwe aflatoksini, ile sumu ya kuvu, kabla lori halijavuka mpaka. Mwagizaji awe na leseni. Na ushuru usiondolewe kati ya Oktoba na Desemba tukiwa tunavuna. Tunataka sheria, hatutaki barua. Machi 2021 ilitoka barua ya serikali yetu ya Kenya ya kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania, na wiki haikuisha ikalegezwa kwa masharti. Kinachofungwa kwa barua hufunguliwa kwa barua. Naomba maoni yenu, tunakosea wapi? Sisi tunalipia kukausha, halafu tunashindana sokoni na mahindi yaliyoanikwa kando ya lami yakikanyagwa na mbuzi.

Binti Ruvuma
Kando ya lami? Kaka, umewahi kufika Ruvuma? Mama yangu hupukuchulia juu ya turubai, na punje iliyobadilika rangi haiingii guniani. Anaitoa kwa vidole, moja moja. Nimeifanya kazi hiyo tangu mdogo, naijua mpaka kwenye kucha. Na kama shida ni sumukuvu, mwaka 2004 walikufa watu 125 Kenya, huko Makueni na Kitui. Yale hayakuwa mahindi ya Songea. Yalikuwa yenu, ya mashambani kwenu, yaliyoingizwa ghalani hayajakauka.

Mwana wa Makueni
Dada, hapo simama. Mmoja wa hao 125 alikuwa mjomba wangu. Macho yaligeuka manjano, tumbo likajaa, na siku chache baadaye tukamzika. Tulikuwa tumekula chungu kimoja naye. Ukiwataja watu wetu, usiwafanye mawe ya kumpigia mkulima wa Trans Nzoia. 2016 hata kwenu ilitokea, Dodoma na Manyara, wakafa 20. Kuna mtu hapa amekurushia hao?

Binti Ruvuma
Pole sana kaka, sikukusudia kukutonesha. Nilikuwa namjibu mwenye mbuzi. Na neno lake la mbuzi bado liko palepale, hajalifuta.

Lori la Namanga
Mimi husafirisha nafaka, na ile Machi nilikuwa mpakani. Siku nne tulilala chini ya lori, mvua inanyesha, turubai limechanika pembeni. Mahindi yalipakiwa yakiwa makavu. Siku ya tatu niliingiza mkono guniani nikasikia vuguvugu, nikajua yameanza kuharibika. Jamani, sumu inazuiwa kwa kuyaweka mahindi kwenye unyevu?

Halafu upimaji wenyewe. Anakuja kijana na chuma chenye tundu, anachoma magunia matano ya nyuma karibu na mlango, basi. Sumu hii haienei sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Gunia hili ni safi, la pembeni yake limeoza. Mwambieni mbunge aandike watachoma magunia mangapi na majibu yatoke baada ya saa ngapi. Mkiacha hivihivi, anayejua kuongea na mkaguzi atapita na mwenye mahindi safi atabaki.

Kijana wa Uasin Gishu
Lori, wewe ni dalali, sema ukweli. Nyinyi ndio mnakuja shambani na gunia limeshonewa kofia, mnajaza mpaka linafanana na mama mjamzito, mnalipa bei ya gunia moja. Mkifika mjini mnauza kwa kilo. Mkulima anaumizwa na nyinyi kabla hajaumizwa na Tanzania.

Binti Ruvuma
Lumbesa! Hapo Kijana umenena. Kwetu sheria ya vipimo inakataza gunia kupita kilo 100, na kila mwaka viongozi wanatangaza kwamba ni marufuku. Nenda shambani uone. Baba alikuwa anakubali lumbesa kwa sababu ada ya shule haingoji mnunuzi mwingine.

Wa Kinangop
Msituache sisi wa viazi. Kanuni inasema gunia la kilo 50. Tuliishangilia. Mnunuzi anakuja na gunia lake refu, ukimwambia kilo 50 anawasha gari na kwenda kwa jirani. Jirani naye ana viazi vinavyoota ghalani. Mwisho unamkimbilia mnunuzi barabarani ukimwita arudi.

Lori la Namanga
Mimi si dalali, nasafirisha kwa malipo ya safari. Lakini kwa kuwa mmegusa mizani, nami niseme langu. Kuna ghala moja, sitalitaja, lilinikata kilo tatu kila gunia kwa sababu ya unyevu. Nikaomba kuona kipima unyevu, nikaambiwa kimepelekwa kutengenezwa. Kilo tatu kwa magunia 280! Mnataka mtu huyohuyo apewe kwa sheria mamlaka ya kupima sumu?

Mkulima wa Trans Nzoia
Magunia 280 ya nani, kama wewe ni wa safari tu? Aliyekatwa ni mwenye mzigo.

Lori la Namanga
Mwenye mzigo alinikata mimi. Ukitaka nikuletee daftari nitakuletea.

Mama Pendo, Kayole
Nimesoma yote haya na sijaona mtu anayemtaja mla ugali. Wakulima mna mbunge wa kumkalisha chini. Mimi nina nani? 2017 unga ulipotushinda, serikali ikaleta mahindi ya Mexico bila ushuru na pakiti ya kilo mbili ikauzwa shilingi 90. Tulipanga foleni alfajiri, dukani mtu anapewa pakiti mbili tu. Sasa mnataka mlango huo ufungwe kwa sheria miezi mitatu. Mvua ikikosa mwaka huo, itakuwaje?

Kijana wa Uasin Gishu
Mama, hiyo shilingi 90 ililipwa na kodi yako mwenyewe. Na mahindi ya wakulima yalipotoka shambani yalikuta maghala yamejaa. Mimi mwaka ule niliacha kupanda ekari mbili.

Mama Pendo, Kayole
Nami mwaka ule nililaza watoto na uji. Usinifundishe kodi.

Bwana Shamba Mstaafu
Naomba kuingia, nimekaa kimya muda mrefu. Nimefanya kazi ya ugani zaidi ya miaka ishirini. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kipo tayari: unyevu usizidi asilimia 13.5, aflatoksini kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile aina ya B1 isizidi 5. Hakisemi mahindi ya nje. Kinasema mahindi. Ya Songea, ya Kitale, ya Makueni, yote.

Sasa swali langu kwa Mkulima. Katika yale mliyomwambia mbunge, mlitaja mahali ambapo mahindi yako mwenyewe yatapimwa? Kuvu hii huanzia shambani, mmea ukiwa umepigwa na kiu na wadudu, kisha hushamiri ghalani. Waliokufa 2004 wengi walikula walichovuna wenyewe. Hakikupita mpaka wowote. Nimeona mtu anauma punje kwa meno, ikilia kwa sauti anasema imekauka. Nilipomwekea kipima unyevu ilikuwa 17.

Wa Kinangop
Hicho kipima unyevu kinauzwa wapi, mzee?

Binti Ruvuma
Shikamoo mzee. Wengi kwetu wanatumia chumvi: unaweka punje na chumvi kavu kwenye chupa, unatikisa. Chumvi ikishika kwenye kioo, bado.

Bwana Shamba Mstaafu
Marahaba binti. Njia ya chumvi ni nzuri, chupa nayo iwe kavu. Lakini inaonyesha unyevu tu. Sumu haionyeshi.

Mkulima wa Trans Nzoia
Mzee, hilo la kupimwa kwetu hatukulitaja. Nakiri. Tukipimwa bila mashine za kukaushia karibu, nusu ya wanachama wetu watarudi na mahindi nyumbani na deni la mbolea linawangoja. Vile vikaushio vya kuhamishika vilivyoletwa 2023, kwetu tulipanga foleni siku tano, na mvua ya Novemba haikutungoja. Mbunge anarudi mwezi ujao. Nitaomba sheria isiseme ya nje, iseme mahindi, lakini mashine zije kwanza. Wenzangu wakinizomea mtasikia.

Na Binti, mbuzi nimewaondoa. Hata kwetu huanika kando ya lami.

Binti Ruvuma
Asante kaka. Mama nimemsomea, amesema usizibe nafasi kati ya magunia ghalani, uyainue juu ya mbao.

Lori la Namanga
Na mizani? Hakuna aliyenijibu la mizani.