Nataka kufika Abu Qurqas, Misri, kuna aliyewahi kwenda?

Viazi_Uyole: Habarini wakuu. Mimi mkulima wa viazi huku Uyole, na ngano kidogo. Mwezi wa kwanza nitakuwa Cairo siku kumi, mdogo wangu anasoma kule. Mapiramidi nitayaona ndio, ila moyo wangu uko kwa wakulima, nataka nione mtu anavyolima sehemu ambayo mvua ni kama hakuna na bado anatoa ngano na miwa. Nimesikia Abu Qurqas, mji mdogo mkoa wa Minya, kuna kiwanda cha sukari. Mgeni anaweza kwenda mwenyewe? Kulala je? Kiarabu sina zaidi ya salamu.

Mbarali_Mpunga: Mkuu nenda, mimi nilienda nikarudi na mawazo mengi sana. Panda treni ya kwenda kusini ushuke Minya mjini, ni kama km 245, masaa matatu mpaka manne hivi. Lala Minya, kule Abu Qurqas mimi sikuona gesti ya kueleweka. Asubuhi unachukua maikrobasi, ndo daladala zao, km 20 hivi umefika.

Sasa usishtuke na polisi. Mgeni Minya anaonekana haraka, mimi nilipewa askari wawili tukashinda nao mpaka jioni, maana miaka ya 1990 mkoa ule ulikuwa na mashambulizi na utaratibu wa kusindikiza wageni ukabaki. Usibishane nao, waambie mapema unataka kwenda wapi.

Kilichonishika mimi ni maji. Nimekulia Ubaruku, mfereji naujua, lakini ule wa Ibrahimiya ukiuona utadhani ni mto kabisa, unachukua maji ya Nile kule Asyut na ulimalizika kuchimbwa 1873 enzi za Khedive Ismail, mtawala wa Misri wakati ule, pamba na miwa vikashika kasi. Toka pale vinagawanyika vimfereji mpaka shambani, maji yanakuja kwa zamu na mtu anavuta kwa pampu ya dizeli. Mzee mmoja kwa ishara na maneno mawili matatu alinielewesha kwamba zamani mafuriko yalikuwa yanaleta tope lenye rutuba, tangu bwawa kubwa la Aswan limalizike 1970 tope linabaki kule juu, sasa wao ni mbolea ya dukani tu. Niliwaza bonde letu la Usangu pale pale. Januari utakuta miwa inakatwa, ngano bado kijani, na bersimu, majani ya mifugo wanayoyapanda, wanakata kulisha nyati wao wa kufugwa.

Mama_Rungwe: Mwanangu beba majani ya chai ya huku kwetu, usiende mikono mitupu. Wale watu wanakunywa chai kuliko maji, nyeusi, sukari nyingi, na ukikaribishwa usikatae glasi ya kwanza. Kiarabu kisikutishe, sukari ni sukkar, samaki ni samak, asali ni asal, chai ni shai, anzia hapo watakupenda. Uliza asali nyeusi, inapikwa na maji ya miwa, wanachanganya na ufuta uliosagwa wanachovya mkate. Na usipige picha akina mama shambani bila kuomba.

Kamwene_Iringa: Kamwene. Naongeza moja, msiishie mjini. Vuka Nile kwa boti uende Beni Hasan, ni makaburi 39 yamechongwa kwenye mwamba, yanayofunguliwa ni machache, umri wake karibu miaka 4,000. Ndani wamechora watu wanapigana mieleka, wanalima na ng'ombe, wanavuna, kuna hadi nyani juu ya mtini wakati watu wanachuma tini. Ukitoka simama pale mlangoni uangalie chini, utaona kijani kibichi kandokando ya mto na jangwa linaanza ghafla kama limekatwa kwa kisu. Mimi nilikaa pale zaidi ya nusu saa askari ananisubiri. Beba na sweta, usiku wa Januari ni kama Makambako.

Viazi_Uyole: Ndaga fijo, wote. Chai nabeba kilo mbili. @Mbarali_Mpunga zamu ya maji ilikuwa inakuja kila baada ya siku ngapi, na nani anapanga?

Mbarali_Mpunga: Nikiwa pale vimfereji vilikuwa siku tano vina maji halafu vinakauka, ratiba inatoka kwa watu wa umwagiliaji wa serikali. Ila nenda kwa yule mzee wa pampu karibu na daraja, muulize mwenyewe, atakutembeza shamba zima.