Chekechea yetu ya ushirika imegeuka kijiwe cha madada wa kazi, wenye watoto wanalipa faini kama wanalipia king'amuzi

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba uzi ubaki hapa hapa, msiuhamishie jukwaa la elimu ukafie huko. Nimejizuia wiki mbili, leo imetosha.

Tuko wazazi 21 huku njia ya Goba. Mwaka juzi tulichoshwa na shule za awali ambazo mtoto wa miaka mitatu anarudi na daftari aandike 1 mpaka 50, asipomaliza kesho yake fimbo. Mama mmoja kati yetu aliwahi kuishi New Zealand, akatusimulia Playcentre za kule: wazazi wenyewe ndio waendeshaji, zilianza Wellington mwaka 1941 wanaume wakiwa vitani, na mpaka leo zipo. Tukaona kumbe inawezekana. Tukapanga nyumba yenye uwanja, tukaajiri mwalimu mmoja, tukafuatilia usajili Ustawi wa Jamii mpaka soli zikaisha. Makubaliano: ada 45,000 tu kwa mwezi, ila kila mzazi anakaa zamu siku mbili kwa mwezi, saa moja na nusu mpaka saa sita na nusu.

Pigeni hesabu wenyewe. Wazazi 21 mara siku mbili ni 42, siku za shule ni kama 21, kwa hiyo kila siku wazazi wawili na Mwalimu. Hakuna wa akiba. Ada ni ndogo kwa sababu nguvu kazi ni sisi.

Miezi ya mwanzo ilikuwa raha, sitasema uongo. Watoto wanapika mchanga kwenye vifuu, wanacheza ukuti ukuti, wanahesabu vizibo vya soda. Baba mmoja wa bodaboda, nimwite Baba Z, siku ya zamu yake watoto wanamsubiri getini. Helmeti yake inazunguka mikono yote: mara sufuria, mara taji, mara kobe. Jitu zima linakaa chini kwenye vumbi linauziwa "chapati" ya udongo, linalipa kwa jani la mwembe, na kitoto kinamwambia "baba, chenji sina, subiri." Kitoto cha miaka minne hicho. Nani alikifundisha chenji? Hakuna. Kilicheza.

Kisha udhuru ukaanza. Mara kikao cha ghafla, mara foleni, mara "naomba anishikie mtu leo". Kamati ikaitisha mkutano, wakaja na dawa: ukikosa zamu, faini 10,000. Kuna mzazi mmoja mchumi alituonya siku ile ile. Akasema jambo hili lilishafanyiwa utafiti Haifa, Israeli, vituo vya watoto vikawapiga faini wazazi wanaochelewa kuja kuchukua watoto, na wanaochelewa wakaongezeka badala ya kupungua. Faini ilipoondolewa, hawakurudi walivyokuwa. Tukacheka. Mwenyekiti akasema hao ni Wayahudi, sisi Waswahili tunaogopa hela yetu.

Jamani, hatuogopi! Elfu kumi kwa mtu anayeweka mafuta ya laki kwa wiki ni nini? Mwezi uliofuata watu wakawa wanatuma faini ASUBUHI, kabla hata ya kukosa. Mwingine alilipa ya mwezi mzima, akamwandikia mhazini "nimeshamaliza". Umemaliza nini, mama? Zamani mtu akikosa zamu alikuwa anaona haya, anakuja kesho na ndizi za watoto kuomba radhi. Sasa anakutumia picha ya muamala na vidole gumba viwili.

Na wanaojiona wastaarabu zaidi wanatuma dada wa kazi. Sina ugomvi na madada, ni watoto wa watu na wengine ni walezi kuliko hao mabosi wao. Lakini binti wa miaka 17, tangu saa kumi na moja alfajiri ameshafua na kupiga deki, unamtupia watoto 21 wasio wake, hajahudhuria semina hata moja, na akirudi nyumbani vyombo vinamsubiri. Huo si ushirika.

Sasa Jumanne iliyonifikisha hapa. Zamu ilikuwa ya wazazi wawili: mmoja alituma dada, mwingine alituma 10,000. Saa nne Mwalimu ananipigia, sauti inatetemeka: mtoto kaingiza haragwe puani, anampeleka zahanati, niwahi kituoni kwa sababu naishi jirani. Nilitoka na kanga na kandambili. Nakuta yule binti kasimama getini kajitanua kama golikipa ili wasitoke barabarani, nyuma yake watoto 20, wengine juu ya ukuta wa karo, uji umefurika umezima mkaa. Binti analia kuliko watoto.

Huko zahanati muuguzi akamuuliza Mwalimu: mama yake yuko wapi? Maana kuna njia rahisi, mama anaziba tundu lisilo na kitu, anaweka mdomo kwenye mdomo wa mwanawe na kupuliza pumzi moja kali, mara nyingi punje inatoka yenyewe, na mtoto haogopi kwa kuwa ni mama. Wakapiga simu. Inaita, haipokelewi. Wakapiga tena. Mwisho wakamshika mikono na miguu wakalitoa kwa kikoleo.

Huyo mama mnamjua ni nani? Ndiye aliyetuma 10,000. Zamu ilikuwa YAKE, siku hiyo hiyo.

Jioni kaingia grupu. Nanukuu nilivyosoma: "Naomba kamati inieleze kituo kina utaratibu gani wa usalama." Hakuna asante kwa Mwalimu. Hakuna hata pole kwa yule binti. Chini yake wakajipanga wenzake: kwanza haya maharage ya nini, watoto wanacheza tu, wapewe madaftari, mwakani wanaenda kufanya intavyuu ya darasa la kwanza. Nikaangalia majina mmoja mmoja kwenye daftari la zamu. Wote, WOTE, hawajakanyaga pale miezi mitatu. Wangekuwepo siku moja tu wangeona yale maharage yanafanya nini: kumi kwenye kopo hili, tano kwenye lile, ukiongeza moja zinakuwa ngapi. Serikali yenyewe kwenye PJT-MMMAM, ile programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, imeutaja ujifunzaji wa awali pamoja na ulinzi na usalama wa mtoto, na hakuna popote iliposema kazi hizo zinalipika kwa faini.

Nimependekeza faini ifutwe, na anayekosa zamu mbili bila msiba wala ugonjwa amtoe mtoto, atafute shule ya kulipia kamili, zimejaa. Nimejibiwa kwamba nina wivu wa watu wenye kazi zao. Wakuu, mimi nina genge. Siku ya zamu nalifunga.

Wenye uzoefu wa vituo vya namna hii nisaidieni, mliwabanaje wazazi? Msiniambie tuongeze faini iwe 30,000. Na msiniambie niombe Mungu.

Nilitaka kuishia hapo, ila wakati naandika mhazini kanitumia ujumbe. Baba Z ana zamu kesho kutwa. Siku akija kituoni anapoteza asubuhi nzima na hesabu ya tajiri mwenye pikipiki bado inamsubiri, ila hajawahi kukosa. Leo katuma 10,000, na maneno manne: "Kumbe ni rahisi hivi."