The Catcher in the Rye: huyu kijana analalamika tu, nisomeje?

kurasa_mbili: Wakuu, nipo sura ya 7 ya riwaya hii. Holden, kijana anayesimulia, anamponda kila mtu, anarukaruka toka hili kwenda lile, kisa chenyewe sikioni. Nikiache au kuna namna ya kukisoma?

pembezoni: Usikiache, mkuu, ndiyo kwanza anaondoka shuleni kwenda New York. Tatizo ni kwamba unasubiri kitakachofuata. Wewe jiulize: hapa anakwepa nini?

Rudi sura ya 5. Ameombwa na mwenzake amwandikie insha ya kueleza chumba au nyumba, yeye anaandika kuhusu glavu ya besiboli ya mdogo wake Allie, iliyojaa mashairi kwa wino wa kijani. Halafu anadokeza juujuu tu kwamba Allie alikufa kwa saratani ya damu, na usiku huo yeye alilala gereji akavunja vioo kwa ngumi. Hadi leo mkono unamuuma mvua ikinyesha. Ukiipita haraka sehemu hiyo, lawama zote zilizobaki utaziona ni utovu wa adabu tu.

Shika penseli. Kila akitaka kumpigia simu Jane, msichana anayempenda, andika J pembeni. Mara hajisikii, mara mama yake Jane anapokea, Holden anakata. Hizo J zitakuonyesha upweke wake kuliko maneno yake.

sauti_ya_pili: Naongezea: usimwamini kila neno. Sura ya 3 inaanza na yeye mwenyewe kukiri kwamba ni mwongo wa kupindukia. Ukifika sura ya 17, Sally, msichana aliyetoka naye, anamwambia asipige kelele, yeye anatuambia wala hakuwa anapiga kelele. Hapo msadiki Sally.

Na jamani, hukumu za Holden si lazima ziwe za mwandishi. Wengi hukwama hapo, wanamchukia kijana kisha wanakitupa kitabu.

kurasa_mbili: Nasoma sura moja kwa wiki. Inatosha?

pembezoni: Ndiyo maana kinakuchosha! Sura zipo 26 na nyingi ni fupi, na karibu kisa chote ni siku chache tu za Desemba. Soma 3 au 4 kwa mkupuo, vinginevyo sauti yake inakupotea na kila mara unaanza kumzoea upya. Muhtasari wa mitandaoni uache mpaka umalize. Unakutajia matukio, na matukio ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote humo.