Mbwa analegea miguu ya nyuma: eksirei, CT au MRI?

Shungi
Wakuu, mbwa ni Dachshund, miaka 5. Tangu jana anayumba nyuma. Anatembea ila anajikwaa. Daktari ametaja MRI. Eksirei au CT haitoshi?

Bweha
Inategemea unatafuta nini, mkuu. Eksirei inaonyesha mfupa: pingili iliyovunjika, uvimbe unaokula mfupa. Diski (mto laini kati ya pingili) iliyochomoza, na ugwe mgongo wenyewe (shina la neva linalopita ndani ya uti wa mgongo), havionekani. Nafasi iliyobana kati ya pingili hushawishi, lakini huenda tatizo liko kwingine kabisa. Mbwa asipasuliwe kwa picha hiyo.

CT, yaani eksirei za pande nyingi zinazounganishwa na kompyuta, huchukua dakika chache. Kwa mbwa wa miguu mifupi kama huyu, mara nyingi diski imeingia chokaa, hivyo ikimwagika inaonekana nyeupe. MRI, picha ya sumaku, ndiyo inayouona ugwe: umevimba, umepata kiharusi, au una uchochezi. Ila ni nusu kaputi ya karibu saa nzima, pengine zaidi.

Mkwaju
Kabla ya picha yoyote, mshikilie asimame, kunja unyayo wa nyuma ili upande wa juu ndio uguse sakafu. Neva zikiwa sawa anaugeuza papo hapo.

Mbwa asiyeweza kusogeza miguu kabisa, daktari humbana mfupa wa kidole kwa koleo. Hapa wengi wanakosea: mguu unaweza kujivuta wenyewe bila taarifa kufika kwenye ubongo. Tunataka ageuze kichwa, alie, au atake kuuma. Asipohisi kitu ni dharura, msingoje kesho.

Shungi
Wa kushoto unabaki umekunjwa kama sekunde 3. Wa kulia sawa. Anakojoa mwenyewe.

Mkwaju
Basi bado ana nafasi nzuri. Swali ni hili: CT ikionyesha diski, utakubali upasuaji? Kama hapana, picha ya leo haibadilishi tiba. Zungumza na daktari juu ya kizimba wiki 4, kutoka kujisaidia tu, kwa mkanda wa kifuani, pamoja na dawa ya maumivu. Tafadhali, steroidi (kama prednisoloni) isichanganywe na meloksikamu, dawa ya maumivu na uvimbe. Tumbo hupata vidonda, hata kutoboka.

Bweha
Naunga mkono, kwa sharti moja: mwangalie asubuhi na jioni. Akishindwa kutembea au mkojo ukikwama, nenda CT siku hiyohiyo, na isipoeleza kitu ndipo MRI. Apimwe figo kwanza kama atachomwa dawa ya kung'arisha picha. Kola yenye chuma ivuliwe. Chipu ya utambulisho ya mabegani waambie mapema: huharibu picha ya MRI karibu nayo, ila ya kiunoni haiathiriki.